Faranga Tano Ndani ya Mchele

Mume wangu hajui kukaa. Ukimpa kiti atakaa ukingoni, goti linacheza, macho yanatafuta funguo za gari. Tumeoana miaka mingi na sijawahi kumwona akimaliza kikombe cha chai katika chumba kilekile alichokianzia. Kitu kimoja tu humtuliza Ameer, nacho ni sarafu za Uswisi, na hata hizo humtuliza mpaka pale anapokumbuka ile asiyokuwa nayo.

Watu huniuliza kwa nini Uswisi, mtu aliyezaliwa Kisumu na kukulia Toronto. Mimi wa Tanga nilimuuliza hivyohivyo wiki ya kwanza ya ndoa. Akasema baba yake, marehemu Jamaludin, aliwahi kupita Geneva, akanunua mkate, na katika chenji akarudishiwa sarafu ndogo ya mwaka 1879. Sura ileile na ukubwa uleule kama zile za juzi, na bado inanunua mkate. Mzee alikuwa ametoka Kisumu akaenda Nairobi, kutoka Nairobi akaja huku kwenye theluji, na kila alikohamia alikuta pesa zenye sura nyingine. Nchi isiyoihama sarafu yake aliiona ni muujiza. Aliitunza ile ndogo mpaka akafa, na Ameer akaanzia hapo.

Sasa nyumba yetu ya Unionville, pembeni mwa Toronto, imejaa. Tuna dubu wa Bern, wa enzi zile kila jimbo lilipokuwa likijipigia sarafu zake. Tuna bibi Helvetia aliyesimama na mkuki na ngao. Tunazo na zile mpya za kumbukumbu, zenye treni na mbuzi wa milimani, ndani ya vikasha vya plastiki ambavyo mimi siruhusiwi kuvigusa. Vumbi lake nalifuta kwa macho.

Aliyoitafuta kuliko zote ilikuwa faranga tano ya fedha ya mwaka 1952. Faranga tano zenyewe si kitu cha ajabu. Upande mmoja kuna mchungaji wa mifugo aliyevaa vazi la kofia, upande wa pili ngao yenye msalaba, na ukingoni wamechonga maneno ya Kilatini ambayo Ameer alitufasiria siku moja mezani: Mungu ataruzuku. Anazo za miaka mingine, nyingine anazo mbilimbili. Lakini mwaka ule zilipigwa chache, na kwenye albamu yake tundu la mwaka huo lilibaki wazi kama pengo la jino. Februari hii, kwenye maonyesho ya sarafu katika hoteli moja karibu na uwanja wa ndege, akaipata. Alirudi nyumbani anaimba. Ameer haimbi.

Angeiweka kwenye tundu siku ileile tungepona. Hapana, alitaka kwanza kuipiga picha kwenye mwanga mzuri. Kwa hiyo ikakaa na wenzake kwenye trei ya mahameli juu ya meza ya kulia, ikisubiri jua la Machi, na Navroz, mwaka mpya wetu, ikatukuta hapo.

Siku ya pili ya Navroz trei ilikuwa na nafasi moja tupu. Sitaki kueleza yote yaliyotokea asubuhi ile. Aliinua mito ya makochi, akamwaga uchafu wa mashine ya kufagilia juu ya gazeti na kuuchambua kwa kijiti, akaniuliza kama nimeisogeza, akaniuliza tena kwa sauti nyingine kama nina hakika. Nilikasirika. Nilimwambia kama ningetaka kuiba ndani ya nyumba hii ningeanza na vitu vinavyoliwa.

Mama yake, Rehmat, ambaye sote tunamwita Ma, alikuwa dirishani na tasbihi yake. Akauliza kwa upole kama anachotafuta ni yule mchungaji.

"Nilikuuliza, Ameer," akasema. "Nilisimama nyuma yako nikakuuliza, nichukue moja? Ukasema, chukua, Ma."

Siku ile Ameer alikuwa kwenye kompyuta, kwenye mnada wa watu wa Zurich, mgongo ametugeuzia. Mimi mwenyewe nilikuwepo nikikunja vitambaa. Mtu akiwa mnadani unaweza kumuuliza kama tuuze nyumba, atasema uzeni.

Inabidi nieleze rozi. Kila Navroz, Ma hushona vifuko vya kitambaa cha kijani, vidogo, vya kuenea kiganjani. Ndani anatia punje za ngano na mchele, kipande cha sukari ya mawe, lozi, na sarafu moja. Anavisomea dua zake, anavishona mdomo, halafu anagawa. Ndiyo rozi yako, riziki yako ya mwaka. Unakifukia kifuko ndani ya mchele jikoni na hukifungui mpaka Navroz nyingine, na kwa Ma, kukirudisha kwa aliyekupa au kukichukua kwa uliyempa ni kuikata riziki ya mtu. Kawaida hutia robo dola. Mwaka huu kifuko kimoja alikitia ile faranga ya fedha.

"Kiko kwa Melissa," alisema. "Mtu yuko kitandani anaomba mtoto akae tumboni, na mimi nimpe robo dola? Wewe mwenyewe ulisema imeandikwa Mungu ataruzuku. Nikaona hiyo ndiyo yake. Na rozi hairudishwi, Ameer. Usinifanyie hilo."

Melissa ni Mkisii wa Nyamira. Alikuja kumhudumia Ma alipovunjika nyonga. Ma naye alikulia Kisii mjini, nyuma ya kaunta ya duka la baba yake, na siku Melissa alipoingia mlangoni na koti lake la baridi, Ma akamsalimia kwa Kikisii, "Bwakire buya." Yule msichana aliketi palepale kwenye ngazi akalia. Tangu hapo hakuwa mfanyakazi tena. Katika nchi hii mimba mbili zilikuwa zimemtoka. Hii ya tatu ilipofika miezi mitano madaktari wakamwambia aache kazi alale, na mumewe, Cheruiyot, ni dereva wa lori, leo yuko Alberta, kesho yuko njiani. Kwa hiyo Melissa alilala peke yake huko Flemingdon Park, ghorofa ya juu, anaitazama miti ya bondeni, na kila asubuhi Ma alimpigia simu.

Ameer hakubishana na mama yake. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Siku chache baadaye alisema tu kwamba ni aibu hatujampelekea Melissa chakula tangu Navroz, nami, mjinga, nikapika kuku wa nazi. Garini alipiga vidole kwenye usukani njia nzima. Nilidhani ni foleni.

Tulimkuta Melissa kwenye kochi, miguu juu ya mito, uso umejaa kidogo, anacheka. Alituambia mtoto anacheza sana akisikia redio. Alituambia kifuko cha Ma kipo ndani ya debe la mchele kama alivyoagizwa, na Cheruiyot amekatazwa kabisa kuugusa mchele ule, amenunuliwa wake. Ameer akainuka, akasema atie chungu kwenye friji. Mimi nikaendelea na hadithi za redio. Kwa mtu anayetia chungu kwenye friji alikawia, lakini sikujali, Ameer kila mahali huwa anakagua kitu. Alirudi anajipangusa mkono wa shati.

Kwenye lifti akafungua ngumi. Mchungaji alikuwa kiganjani, akamgeuza nisome mwaka: 1952.

Nikamuuliza amefanyaje. Akasema amefumua nyuzi tatu za mshono, ametoa hii, ametia nyingine, amezirudisha nyuzi. Alisema hayo kwa fahari kidogo, kama fundi saa.

"Nimeweka ya elfu moja mia tisa sitini na tano," akasema. "Ni ileile, Shafina. Fedha ileile, uzito uleule, mtu yuleyule, maneno yaleyale ukingoni. Hajapungukiwa na kitu."

"Kama ni ileile," nikamwambia, "ungeiacha."

Lifti ikafunguka. Tukarudi Unionville. Nilitaka kumwambia Ma, kisha nikamfikiria Ma akiyasikia, nikanyamaza. Nilimkasirikia Ameer pia kwa hilo, kwamba amenitwisha siri nisiyoiomba.

Akaitia kwenye tundu. Ukurasa ukatimia, tangu 1931 mpaka mwisho, zote zinang'aa, na akaniita niitazame. Nilitazama nikasema hongera, kwa sauti ambayo yeye aliielewa vizuri. Nilidhani sasa angalau tutapata amani nyumbani.

Haikuwa hivyo. Ma ni mgumu wa kusikia, kwa hiyo simu yake ya asubuhi huisikia nyumba nzima. Umelalaje, umekula nini, mtoto amecheza? Kisha mwishoni, kila siku bila kukosa: rozi yangu iko na wewe, lala bila wasiwasi. Ameer hupita ukumbini saa hiyo na kikombe chake. Nikaanza kumwona anasimama. Siku za mwanzo alisimama kidogo, kama mtu aliyekumbuka kitu. Baadaye alisimama mpaka simu imekatwa, halafu anauliza, bila kumtazama mama yake, "Melissa hajambo?"

Akaanza kuifungua albamu na kuifunga. Akaenda maonyesho mengine huko Hamilton akarudi kabla ya mchana, mikono mitupu. Nilipokuwa nafua nikaikuta ya 1952 ndani ya mfuko wa shati lake, imezungushiwa karatasi laini. Nikaenda kutazama albamu: tundu liko wazi tena.

Aliniambia Jumamosi atairudisha. Cheruiyot atakuwa nyumbani, watu watakuwa wengi, atapata njia ya kuingia jikoni.

"Ile niliyoweka," akasema, "Ma hakuisomea."

Nilicheka. Huyu ni mtu anayetazama saa wakati wa sala, anayesema dua za mama yake ni desturi nzuri za kiutamaduni. Kisha nikaona hacheki, na midomo yake imekauka, nikaacha.

Jumamosi haikufika. Cheruiyot alitupigia simu akiwa Manitoba, barabara imefungwa na theluji, sauti yake inakatika. Melissa amechukuliwa na ambulensi. Uchungu umeanza na miezi haijatimia. Alirudia kutuomba msamaha kwa kutusumbua, mpaka nikamkemea.

Tulitoka wote watatu, Ma nyuma na tasbihi. Kwenye barabara ya Don Valley magari yalikuwa yamesimama. Ameer alibadilisha njia kushoto, kulia, kushoto, bila faida yoyote, na tulipokaribia kutokea Eglinton akawasha taa ya kukunja. Nilijua anakotaka kwenda: Flemingdon Park, kwenye debe la mchele. Nikamuuliza kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, ataingiaje bila ufunguo, na akiingia ataipeleka wapi, mwenyewe hayupo. Ma akauliza tunaenda wapi. Akasema alitaka kumchukulia Melissa nguo.

"Nguo wanazo hospitali," Ma akasema. "Twende kwa mtoto."

Hawakuturuhusu kuingia alipokuwa Melissa. Ma alikaa kwenye viti vya plastiki akasoma. Mimi nilitafuta chai. Ameer alitembea kutoka mlango wa lifti mpaka dirisha la mwisho, na kurudi, na kwenda, mpaka mlinzi akamuuliza kama anahitaji msaada. Alinikuta penye mashine ya vinywaji, akanishika kiwiko.

"Shafina, mtoto huyu akifa, nitakuwa nimeiba nini?"

Ningeweza kumwambia sarafu haishiki mimba wala haitoi. Naamini hivyo. Lakini pale, na harufu ile ya dawa, sikuweza kulitamka. Nilimwambia akae na mama yake. Alikwenda, akakaa, akainuka.

Mtoto alizaliwa kwa kupasuliwa. Msichana, hata mkono wake mzima ulikuwa mdogo kuliko kidole changu, akawekwa ndani ya sanduku la kioo na mashine ikampumulia. Hakuna aliyetuahidi kitu. Cheruiyot alifika amevimba macho, na kuanzia hapo Ameer ndiye aliyewaendesha, asubuhi hospitali, jioni Flemingdon Park, na katikati ananunua vitu visivyohitajika. Jikoni kwao sasa kulikuwa na akina mama wa kanisani kutwa nzima, wanasonga ugali, wanapika mboga. Hakupata nafasi ya kulifikia debe, na sidhani kama alikuwa akijua tena angefanya nini akilifikia. Sarafu ilibaki mfukoni mwake. Alikonda. Nilimhurumia, na huruma hiyo iliniudhi.

Kisha, siku moja ya Mei yenye jua, mashine ikatolewa na mtoto akapumua mwenyewe. Melissa akatuita. Alikuwa amekaa kwenye chumba kidogo cha familia, ukuta mmoja tu unamtenganisha na mtoto, amevaa dera la nyumbani, na alipomwona Ma alijaribu kupiga magoti, Ma akamzuia. Akatoa mfukoni kile kitambaa cha kijani. Kilikuwa kimechanika.

"Mama, unisamehe," akasema. "Nilifungua. Najua hukutaka."

Akatueleza. Uchungu ulipomshika alikuwa peke yake. Alipokwisha kupiga simu alitambaa mpaka jikoni, akaliangusha debe, mchele ukamwagika sakafu nzima, akakirarua kifuko kwa meno. Aliishika sarafu ndani ya ambulensi. Walipotaka kuichukua alikataa, basi nesi mmoja akaifunga na bandeji kwenye kiganja chake.

"Nilitaka kuomba nikashindwa, Mama. Maneno yaliisha. Nilikuwa nasoma tu hizi namba. One, nine, six, five. Nikifika mwisho naanza tena. Mpaka nikasikia wanasema she's out, it's a girl."

Ma aliichukua, akaibusu, akaigusisha machoni. Kisha Melissa akamgeukia Ameer, na hapo nikatamani niwe nje.

"Uncle, Mama aliniambia umeitafuta hii kwa miaka. Aliniambia ulimwachia anipe. Sikuwa najua ni kitu kikubwa hivyo. Sasa mtoto yuko. Chukua, please. Ni yako."

Ma akamnyooshea mwanawe sarafu. Ilikuwa imefifia kwa jasho, gundi ya bandeji imeganda juu ya uso wa mchungaji. Angeikuta mezani kwa muuzaji asingeigeuza hata upande wa pili. Ameer hakuipokea. Alitia mkono mfukoni, akatoa kile kikaratasi laini, akakikunjua juu ya meza.

"Aliyokupa Ma ni hii," akasema. "Niliiba. Siku ile ya kuku. Hiyo uliyoishika niliitia mimi, ni ya kawaida, ninazo nyingine nyumbani. Nilitaka kuirudisha na sikuwahi. Nisamehe, Melissa."

Cheruiyot alitazama viatu vyake. Sikuthubutu kumtazama Ma. Melissa akaivuta ile ya 1952 karibu kwa ncha ya kidole, akaisoma mwaka, midomo yake ikijaribu namba. Akaisukuma, taratibu, ikarudi upande wa Ameer.

"Hii siijui," akasema.

Akaichukua ile nyingine kutoka mkononi mwa Ma, akaifutafuta gundi kwa pindo la dera, akaifunga ndani ya kitambaa cha kijani na kuitia mfukoni.

Ameer akabaki na yake. Akamgeukia mama yake, akamnyooshea kiganja, sarafu juu yake, jinsi mtoto anavyorudisha kitu alichokutwa amekificha. Nilidhani Ma angemkemea. Hakumkemea. Alikunja mikono yake miwili mapajani, juu ya tasbihi.

"Hiyo ni yako," akasema. "Uliitaka."

Mtoto akaanza kulia upande wa pili wa ukuta, sauti nyembamba, na Melissa akainuka kumwendea. Ma akamshika mkono wakaenda pamoja. Ameer alikuwa bado amenyoosha kiganja, akanitazama mimi. Mimi pia sikuipokea.